KKLT, LVS au kwintesensi: mfano upi wa nadharia ya nyuzi unastahili muda wako?

Machi 2025 watafiti wa DESI, chombo cha kuchambua nuru ya galaksi kilichofungwa kwenye darubini ya Mayall huko Kitt Peak, Arizona, walitoa matokeo yaliyotokana na karibu galaksi na kwasari (viini ving'avu vya galaksi za mbali) milioni 15. Walipoyaunganisha na vipimo vya supanova na vya mnururisho wa mikrowevu uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, data zikaelekea upande ambao wengi hawakuutarajia: nishati ya giza, ile inayousukuma ulimwengu utanuke kwa kasi inayoongezeka, inadhoofika kadiri muda unavyokwenda. Uzito wa ushahidi ulikuwa kati ya sigma 2.8 na 4.2 (sigma ni kipimo cha jinsi matokeo yalivyo mbali na bahati tu), kutegemea mkusanyo wa supanova uliotumika, na wanafizikia hawatamki neno "ugunduzi" kabla ya sigma 5. Hata hivyo matokeo hayo yalitosha kuchochea ugomvi wa siku nyingi ndani ya nadharia ya nyuzi, ile inayosema chembe zote za msingi ni nyuzi ndogo mno zinazotikisika. Je, nishati inayousukuma ulimwengu utanuke imetulia mahali pamoja, au inateremka?

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kuchagua pa kuweka nguvu zake. Huenda unatafuta mada ya tasnifu ya uzamili, au umesoma habari za DESI na unataka kujua ni kambi ipi ya kufuatilia. Mifano ni mingi na sitaipitia yote. Mitatu, yaani KKLT na LVS zinazoituliza nishati hiyo mahali pamoja, na kwintesensi inayoiacha iteremke, ndiyo inayobeba mjadala wa leo, na mingine nitaigusa tu.

Kwanza uliza: moduli zinafanywa nini?

Nadharia ya nyuzi inadai dimensheni kumi. Nne tunaishi ndani yake. Sita zilizobaki zimekunjwa katika maumbo madogo mno, mara nyingi yale yanayoitwa Calabi-Yau. Ukubwa na umbo la mikunjo hiyo havikuandikwa popote kama namba za kudumu. Kila kimoja ni uga unaoweza kubadilika kutoka mahali hadi mahali na kutoka wakati hadi wakati. Nyuga hizo ndizo moduli. Zikiachwa huru, nguvu za msingi zingebadilika mbele ya macho yetu, na uvutano ungekuwa na mwenzake, nguvu ya tano, ambaye vipimo vimemtafuta bila kumpata.

Mwaka 1985 Michael Dine na Nathan Seiberg walieleza kwa nini jambo hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Picha ni ya gololi katika ardhi yenye mabonde na miteremko: gololi ni moduli, mwinuko ni nishati. Mbali kabisa, pale ambapo hesabu zetu ni safi, ardhi yote inateremka taratibu kuelekea kwenye dimensheni zilizofunguka zote. Ukitaka bonde la kusimama, huna budi kulitafuta mahali ambapo masahihisho ya hesabu tuliyoyadharau yana nguvu sawa na yale tuliyoyahesabu. Yaani bonde linapatikana pale pale ambapo hesabu inaanza kutiliwa shaka. Miaka arobaini imepita na bado kila mfano unapambana na sentensi hiyo.

Basi njia ni mbili. Unaifunga gololi bondeni na kuthibitisha kwamba bonde ni la kweli, au unaiacha iteremke polepole na kueleza kwa nini hatujaona madhara yake. KKLT na LVS zimechukua njia ya kwanza, kwintesensi ya pili.

KKLT: rahisi kueleza, ngumu kutetea

Januari 2003 Shamit Kachru, Renata Kallosh, Andrei Linde na Sandip Trivedi walitoa mfano unaobeba herufi za kwanza za majina yao. Una hatua tatu. Flaksi, ambazo ni kama uga wa sumaku ulionaswa ndani ya mikunjo, zinafunga moduli za umbo. Kisha athari za kikwantumu zisizopatikana kwa kujumlisha masahihisho madogo madogo zinafunga ukubwa. Hapo unapata ombwe (hali ya utulivu ya ulimwengu) lenye supasimetria, ulinganifu kati ya chembe za maada na za nguvu, na nishati hasi. Mwisho unaweka breni kinzani (breni ni utando wa dimensheni kadhaa; kinzani ni ile yenye chaji iliyogeuzwa) ndani kabisa ya sehemu nyembamba ya mkunjo, ambako nishati yake imepunguzwa sana na uvutano, nayo inalinyanyua bonde mpaka juu kidogo ya sifuri.

Ulimwengu uliokaa katika bonde hilo unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Namba w, yaani uwiano wa shinikizo la nishati ya giza na msongamano wake, ni -1 kamili, jana, leo na kesho. Bonde linaweza kuvuja kikwantumu, lakini baada ya muda ambao miaka bilioni 13.8 ya ulimwengu wetu si kitu mbele yake.

Mvuto wa KKLT uko kwenye idadi. Raphael Bousso na Joseph Polchinski walikuwa wameonyesha mwaka 2000 kwamba flaksi zinaweza kuchanganywa kwa namna nyingi ajabu. Namba inayotajwa sana ni mabonde 10 kwa kipeo cha 500. Nishati ya giza tunayoipima ni kama sehemu moja ya 10 kwa kipeo cha 120 katika vipimo vya Planck, vile vinavyotokana na namba za msingi za fizikia. Ukiwa na mabonde mengi kiasi hicho, lazima mengine yawe na thamani ndogo hivyo, na sisi tunajikuta katika moja linaloruhusu galaksi kuumbika. Wako wanaoona hilo ni jibu, na wako wanaoona ni kukwepa swali. Mimi niko karibu zaidi na kundi la pili, ingawa nakiri kwamba bado hakuna aliyeleta jibu bora.

Udhaifu wenyewe ni wa kihesabu. KKLT inahitaji namba moja inayotokana na flaksi, inayoandikwa W0, iwe ndogo mno, na kwa miaka mingi watu waliichukulia tu kwamba ipo. Mfano halisi wa mkunjo wenye W0 ya aina hiyo, kiasi cha 10 kwa kipeo cha -8, ulitolewa na Mehmet Demirtas, Manki Kim, Liam McAllister na Jakob Moritz mwaka 2020. Mwaka 2024 McAllister na Moritz, pamoja na Richard Nally na Andreas Schachner, walionyesha mifano mahususi yenye hatua zote tatu, lakini wakaiita kwa uangalifu "wagombea", kwa sababu yako masahihisho ambayo hakuna anayejua bado kuyahesabu. Uaminifu huo naupenda. Ila anayetaka kuingia hapa ajue kwamba kazi ni kompyuta, jiometri ya Calabi-Yau na subira, na kwamba matokeo yake hayatajaribiwa na darubini yoyote zaidi ya kusema "w ni -1", jambo ambalo nadharia ya Einstein yenye kigezo chake cha kosmolojia inalisema bila nyuzi zozote.

LVS: mfano wenye historia ya kusimulia

Mwaka 2005 Vijay Balasubramanian, Per Berglund, Joseph Conlon na Fernando Quevedo walikuja na njia nyingine ya kufunga ukubwa. Jina LVS (Large Volume Scenario) linatokana na ujazo mkubwa wa mikunjo. Badala ya kutegemea W0 ndogo, wanashindanisha masahihisho mawili ya asili tofauti, moja linalotokana na urefu wa nyuzi na jingine la kikwantumu, mpaka yafikie mizani. Mizani hiyo inatokea pale ambapo ujazo wa dimensheni zilizokunjwa ni mkubwa kupita kiasi, na ukubwa huo ndio unaosaidia kuyafanya masahihisho mengine yawe madogo. Dine na Seiberg hawajashindwa kabisa, lakini hapa wamejibiwa vizuri kuliko kwingine kote.

LVS nayo inaishia kwenye nishati hasi na inahitaji kunyanyuliwa, kwa hiyo mashaka kuhusu breni kinzani inayarithi. Tangu 2022 zimetoka kazi zinazoonyesha kwamba hata hapa nafasi ya kunyanyua bila kuharibu hesabu ni finyu. Asikudanganye mtu kwamba LVS imesalimika.

Kinachoitofautisha ni historia inayotoka ndani yake. Mtu akisema "historia ya mtanuko" mara nyingi anafikiria hatua za vitabuni: mfumuko wa awali (mtanuko wa ghafla wa mwanzo kabisa), kisha zama za mnururisho, kisha maada, kisha nishati ya giza. Kati ya mwisho wa mfumuko na kuundwa kwa elementi nyepesi, sekunde hadi dakika chache baadaye, kuna pengo ambalo vipimo vyetu havilioni karibu kabisa. Kosmolojia ya kawaida inalijaza pengo hilo kwa mnururisho kwa sababu hakuna anayekataza. LVS inalijaza kwa matukio.

Mfumuko ukiisha, moduli ya ujazo inaweza kujikuta mbali na bonde lake na kuanza kuteremka kwa kasi. Kwa muda huo karibu nishati yote ya ulimwengu ni ya mwendo, na nishati ya namna hiyo inapungua kwa kipeo cha sita cha mtanuko, wakati ile ya mnururisho inapungua kwa kipeo cha nne na ya maada kwa kipeo cha tatu. Ramy Brustein na Paul Steinhardt walionya mwaka 1993 kwamba gololi inayokuja kwa kasi hiyo inaweza kulipita bonde na kutokomea upande wa pili. Dawa imo katika vipeo vile vile: hata mnururisho mdogo uliokuwepo mwanzoni utaufikia uga unaokimbia, kisha uupite, na msuguano wa mtanuko utaupunguzia mwendo mpaka utue bondeni taratibu.

Baada ya kutua, moduli inayumbayumba, na uga unaoyumba una tabia ya maada. Unatawala ulimwengu kwa kitambo, halafu unaoza na kuwa chembe tunazozijua. Hapa kuna masharti makali. Moduli ikiwa nyepesi kuliko takriban teraelektronivolti 30 (kipimo cha uzito wa chembe), itachelewa kuoza na kuvuruga uundwaji wa heliamu na dyuteriamu. Ikioza kwa wakati, sehemu ya nishati inakwenda kwa aksioni yake, chembe nyepesi isiyoonekana, ambayo inahesabika kama mnururisho wa ziada wa giza. Satelaiti ya Planck ilipima idadi ya aina za neutrino (chembe nyepesi mno) zinazoshiriki, namba ambayo mnururisho wa giza ungeiongeza, na kupata 2.99, yenye shaka ya 0.17, karibu kabisa na 3.04 inayotarajiwa. Matoleo rahisi kabisa ya LVS yanabanwa na kipimo hicho. Kwangu hilo ni jambo la kusifia. Mfano wa nyuzi unaoweza kubanwa na kipimo kilichokwisha kufanyika ni bidhaa adimu.

Kwintesensi: mgeni wa heshima ambaye bado hajapata chumba

Juni 2018 Georges Obied, Hirosi Ooguri, Lev Spodyneiko na Cumrun Vafa walipendekeza kwamba mabonde yenye nishati chanya hayapo kabisa. Kwa maneno yao, nadharia zinazoonekana nzuri lakini haziwezi kuungana na uvutano wa kikwantumu ziko kwenye kinamasi, na KKLT pamoja na LVS zilizonyanyuliwa zimo humo. Dai lao: mteremko wa nishati ukigawanywa kwa nishati yenyewe lazima uzidi namba c iliyo karibu na 1. Dai hilo likiwa kweli, nishati ya giza haina mahali pa kutulia. Inateremka, na uga unaoteremka hivyo ndio unaoitwa kwintesensi.

DESI ilipotangaza matokeo yake, wengi walisema Vafa alitabiri. Sikubaliani na haraka hiyo, kwa sababu tatu zenye uzito usiolingana.

Ya kwanza ni namba c. Mwaka huo huo wa 2018 Prateek Agrawal, Obied, Steinhardt na Vafa walilinganisha mteremko wa kieksponenti (unaopungua kwa uwiano usiobadilika) na data na kukuta c haiwezi kuzidi kama 0.6. Baadaye hoja za Tom Rudelius na wengine zikaonyesha kwamba pembezoni mwa ardhi ya moduli, mahali pekee tunapohesabu kwa uhakika, c inapaswa kufikia angalau kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.41. Na 1.41 ndiyo namba ambayo juu yake mtanuko hauwezi kuendelea kuongeza kasi. Kwa hiyo kwintesensi nayo inasukumwa ndani, kwenye eneo lile lile la mashaka walilomo wapinzani wake. Faida iliyotangazwa kwamba inakwepa tatizo la Dine na Seiberg imeyeyuka.

Ya pili ni nguvu ya tano. Uga unaoteremka leo unapaswa kuwa mwepesi kiasi cha 10 kwa kipeo cha -33 cha elektronivolti. Uga wa namna hiyo ukigusa maada ya kawaida kwa nguvu inayokaribia ya uvutano, mawimbi ya redio yanayopita karibu na Jua yangechelewa kwa kiasi tofauti na alichotabiri Einstein. Chombo cha Cassini kilipokuwa njiani kwenda Zohali kilipima kuchelewa huko, na matokeo yaliyochapishwa 2003 yalikubaliana na Einstein kwa usahihi wa sehemu chache katika laki moja. Aksioni zinaweza kukwepa kizingiti hiki, lakini zinadai kuwekwa karibu sana na kilele cha kilima tangu mwanzo, bila maelezo ya nani aliyeziweka pale.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua kuliko zote, nayo inatoka kwa DESI wenyewe. Mchoro wa w unaolingana vizuri zaidi na data zao hauanzii -1 na kupanda tu. Zamani ulikuwa chini ya -1, kisha ukavuka. Uga wa kawaida wa kwintesensi hauwezi kuwa chini ya -1 hata mara moja. Inawezekana kwamba mchoro huo ni matokeo ya namna w ilivyoandikwa kwa vigezo viwili tu, na uga wa kawaida ungeweza kulingana na data kwa kiasi cha kuridhisha. Inawezekana pia kwamba kosa liko kwenye supanova. Lakini anayesema data hizi ni zawadi kwa kwintesensi amesoma kichwa cha habari tu.

Baada ya kusema hayo, hapa ndipo penye uwezekano wa kukosolewa na darubini ndani ya miaka michache, na hilo lina thamani yake. Darubini ya Euclid iko angani tangu Julai 2023, na kituo cha darubini cha Rubin huko Chile kilitoa picha zake za kwanza Juni 2025.

Mwanzo wa historia: mfumuko wa awali

Chaguo lako la mwisho wa historia linabana chaguo lako la mwanzo. Katika KKLT njia iliyozoeleka ni breni na breni kinzani zinazosogeleana. Ilipendekezwa ikiwa na hesabu kamili mwaka 2003, na inatabiri mawimbi ya uvutano madogo mno yasiyopimika. Aksioni zinazopanda ngazi, wazo la Eva Silverstein na Alexander Westphal la 2008, lilivutia kwa sababu lilitabiri mawimbi makubwa, uwiano r (nguvu ya mawimbi hayo ikilinganishwa na ya mabadiliko ya msongamano) wa karibu 0.07 katika toleo la mteremko ulionyooka. Vipimo vya BICEP/Keck vya 2021 kutoka Ncha ya Kusini viliweka kikomo cha 0.036, na toleo hilo likaanguka. Ndani ya LVS kuna mfumuko unaotumia nyuzinyuzi za mkunjo, wa Michele Cicoli, Cliff Burgess na Quevedo, wenye r ya karibu 0.006. Setilaiti ya Kijapani LiteBIRD imekusudiwa kufikia usahihi wa 0.001, kwa hiyo hapo kuna miadi ya kweli.

Upande wa kinamasi umejifunga kamba nyingine. Alek Bedroya na Vafa walidai mwaka 2019 kwamba hakuna urefu mdogo kuliko wa Planck, ule mdogo kabisa wenye maana katika fizikia, unaoruhusiwa kutanuliwa mpaka uvuke upeo wa macho wa ulimwengu. Kwa mfumuko wa kawaida dai hilo linashusha r chini ya 10 kwa kipeo cha -30. Wimbi moja la uvutano la tangu mwanzo likionekana, dai hilo litakuwa na kesi ngumu ya kujibu.

Njia zisizo na mfumuko kabisa nazipita haraka. Gesi ya nyuzi ya Robert Brandenberger na Vafa, ya 1989, ina hoja nzuri ya kwa nini dimensheni tatu tu zilifunguka: nyuzi zilizozunguka dimensheni haziwezi kukutana na kufutana zikiwa na nafasi zaidi ya hizo. Lakini mpito wake kwenda kwenye ulimwengu wa kawaida haujawahi kuandikwa kwa milinganyo inayoaminika. Ekpirotiki ya 2001, breni mbili zinazogongana, inakwama kwenye mgongano wenyewe. Ni vizuri kuzijua. Kuanza tasnifu nazo ni jambo ambalo ningelipinga.

Nani achague nini

Kama unapenda hesabu kwa ajili ya hesabu, na unaweza kukaa na jiometri na programu za kompyuta kwa miaka, KKLT ina kazi zilizo wazi na kundi dogo la watu makini. Usitarajie data zikusaidie.

Kama unatoka upande wa kuchambua data, unajua kuendesha programu za kulinganisha mifano na vipimo, kwintesensi itakupa makala haraka. Ila chunguza kila mara kama uga unaouandika una asili ya nyuzi kweli. Eksponenti yenye c ya 0.6 iliyookotwa hewani si nadharia ya nyuzi, hata ikipewa jina hilo kwenye kichwa cha makala.

Kwa asiye na upande bado, ningemwambia aanze na LVS. Sijasema ndiyo kweli; bonde lake lililonyanyuliwa huenda likaporomoka kesho. Lakini ukiijifunza unajifunza flaksi, breni, masahihisho, mfumuko, mwendo wa kasi wa uga, kuoza kwa moduli na mnururisho wa giza, na sehemu kubwa ya ujuzi huo itabaki na kazi hata ukihamia kambi nyingine. Mapitio marefu ya 2023 ya Cicoli, Conlon, Anshuman Maharana, Susha Parameswaran, Quevedo na Ivonne Zavala yanaifuata historia yote tangu mfumuko hadi leo, na yanapatikana bure kwenye arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kisayansi.

Kwa aliye Afrika Mashariki kuna jambo moja zaidi la kuangalia. Quevedo aliongoza ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya kinadharia cha Trieste, Italia, kuanzia 2009 hadi 2019, na katika kipindi hicho, mwaka 2018, tawi la Afrika Mashariki lilianza kazi Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, likiwa na mafunzo ya uzamili katika fizikia. Kabla ya kutuma maombi popote, soma kurasa za wahadhiri uone nani anafanya kosmolojia na nani anafanya chembe, kwa sababu mfano utakaoishia kuufanyia kazi utategemea zaidi msimamizi utakayempata kuliko ulinganisho wowote, pamoja na huu.